Spika Iulize, Mdomo Ujibu

Tiva haimbi peke yake. Ukikaa Eldoret kwenye nyumba yenye ua wa kayaba au mti mkubwa nyuma ya jikoni, umeshamsikia hata kama hujamtia machoni, maana hupenda kujificha ndani kabisa ya kichaka. Kwanza huja milio miwili mitatu, mizito na ya wazi kama kengele ya shule inayosikika kutoka ng'ambo ya bonde, na kabla mwangwi wake haujaisha, mlio mwingine, mkavu na wa kukwaruza, unadakia. Asiyejua husema huyu ndege ana sauti mbili. Kumbe ni ndege wawili, dume na jike, mmoja kwenye tawi hili na mwenzake pengine mti wa pili, wanapokezana bila kuacha pengo ambalo sikio la mtu lingeweza kulishika.

Upokezanaji huo umewahi kupimwa. Myles North alikuwa afisa wa utawala wa kikoloni nchini Kenya aliyependa kunasa sauti za ndege, enzi ambazo kinasa sauti kilikuwa mzigo wa kubebwa. Santuri yake ya sauti za ndege wa Afrika ilitolewa Marekani na Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1958. Mwaka 1965 yeye na W. H. Thorpe wa Cambridge wakaandika katika jarida la Nature kuhusu ndege waimbao kwa kujibizana, na tiva alikuwa mmoja wa mashahidi wao wakubwa. Walieleza jinsi wawili hao wanavyowahiana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na jinsi kila jozi inavyojitungia mtindo wake. Tiva wa kwako na tiva wa jirani wanaweza kuwa na nyimbo mbili tofauti kabisa, na wao wenyewe wanazitambua.

Sasa mtu anayetaka kumwita ndege huyu atoke kichakani ana kazi. Hamwiti ndege mmoja. Anajaribu kuingia katikati ya mazungumzo ya watu wawili.

Fundi ninayemsifu hapa ni mwongozaji wa watazamaji wa ndege, mtu wa upande wa Iten, ambaye huwachukua wageni Eldoret alfajiri na kuwapeleka msitu wa Kaptagat au kuwateremsha Bonde la Kerio. Vifaa vyake ni vya kawaida: simu, darubini, na spika ndogo ya bluetooth inayoenea kiganjani. Waongozaji wengi wanavyo. Wengi pia wanavitumia kwa namna ileile: wanasimama katikati ya njia, wanafungua sauti ya ndege kwenye simu, wanaipandisha mpaka mwisho na kuiacha ijirudie. Mara nyingine ndege hutokea. Mara nyingi zaidi hunyamaza, au huhama taratibu ndani ya majani, na mgeni huambiwa kwamba leo hayupo. Huyu wangu hafanyi hivyo hata siku moja, na ni kwa kumtazama yeye ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mashine na mdomo ni vyombo viwili vyenye kazi mbili, na kwamba ustadi wote uko katika kuvigawia kazi.

Akifika pembezoni mwa msitu huanza kwa kutofanya lolote. Anasikiliza. Anataka kujua tiva wako upande gani, wako wangapi, na je, wameshaimba asubuhi hiyo au bado. Kisha anaitundika spika kwenye tawi lililo usawa wa kiuno, ndani kidogo ya kichaka, akiielekeza msituni. Haiweki chini kwa sababu nyasi na majani makavu hula sauti nyembamba, na kinachobaki ni nusu ya ndege. Anarudi nyuma hatua kama ishirini na kutupanga migongo ikiwa imegusa shina la mti, ili umbo la mtu lisionekane likiwa limesimama peke yake. Halafu anaanza na sauti ndogo sana, ndogo kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani simu imegoma.

"Ukianza kwa kupiga kelele, mzee," aliniambia, "utaongeza nini baadaye?"

Kinachotoka kwenye spika ni kile kipande cha kukwaruza peke yake. Amekikata kutoka kwenye wimbo mzima, kwa programu ya kuhariri sauti iliyo kwenye simu, kwa sababu koo la binadamu halikiwezi. Wengi waliojaribu wanatoa kikohozi. Ile milio ya kengele haimo. Hiyo anaipiga yeye mwenyewe kwa mluzi, midomo ikiwa imekunjwa na kidole kimoja kimegusa shavu, na inatoka nzito na ya mviringo kuliko spika ndogo namna ile inavyoweza kuitoa. Spika ya kiganjani haina kifua. Inajua kukwaruza, inajua kulia kwa sauti nyembamba, lakini mlio wowote wa chini huutoa ukiwa mkonde.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikulitarajia. Bluetooth huchelewa. Unagusa simu, na kabla spika haijatoa sauti kunapita kitambo kidogo kisichomsumbua mtu anayesikiliza muziki, lakini kwa tiva kitambo hicho ni kirefu mno. Ukipiga mluzi kwanza halafu ukagusa simu ili spika ijibu, jibu litafika likiwa limechelewa, na jike anayechelewa si jike wa mtu. Kwa hiyo amegeuza mpangilio. Amezipanga zile sauti za kukwaruza kwenye faili moja zikiwa na ukimya katikati, ukimya ambao urefu wake anaujua moyoni, na mluzi wake anauingiza ndani ya ukimya huo ili umalizikie pale hasa mkwaruzo unapoanza. Spika iulize, mdomo ujibu: ndivyo anavyowaambia vijana anaowafundisha. Mdomo ndio unaoweza kungoja na kuwahi. Mashine haiwezi.

Siku niliyomwona akifanya hivyo vizuri kuliko zote, jibu lilitoka ndani kabisa ya msitu, mlio mmoja tu wa kengele, wa chini. Papo hapo akaizima spika. Nilidhani ndio wakati wa kuongeza. Yeye alijua kwamba kuanzia hapo kuna ndege halisi anayebadilika, na faili haibadiliki. Akabaki na mdomo. Ndege alipiga mara mbili, naye mara mbili. Ndege akaruka mlio mmoja, naye akauruka. Ndege akanyamaza kwa muda uliotuchosha sote, naye akanyamaza muda uleule. Kisha akagusa simu mara moja, mkwaruzo mmoja tu kutoka kwenye kile kichaka cha mbele, na tiva akatokea: mgongo mweusi wa kung'aa, tumbo jeupe lenye wekundu wa mbali, mstari mweupe kwenye bawa, akishuka tawi kwa tawi huku akiinama na kuinuka. Macho yake yalikuwa kwenye spika. Sisi tulikuwa upande mwingine, na hakutujali. Mwenzake alifuata baadaye kidogo, na wakaimba pamoja juu ya spika iliyokuwa kimya.

Mpangilio huu una ndugu zake mbali. Katika miaka ya 1950, ndugu wawili, Murry na Winston Burnham wa Marble Falls, Texas, walijulikana kwa kuuza filimbi za mdomo za kumwita koyoti, yule mnyama wa Amerika Kaskazini anayeshabihiana na bweha. Johnny Stewart wa Waco, jimbo hilohilo, naye akajipatia jina kwa kuuza sauti halisi za wanyama zilizorekodiwa. Kwa muda wawindaji waligawanyika, huyu wa filimbi, yule wa mashine, mpaka waliokuwa makini wakaanza kuvitumia pamoja. Mashine huwekwa mbele, hatua kadhaa kutoka kwa mwindaji, ikilia kama sungura aliyekamatwa, ili macho na masikio ya koyoti yaelekee huko. Koyoti huzunguka ili apate upepo kutoka pale sauti inapotoka, kwa hiyo mashine hupangwa kwa kufuata upepo, na mwindaji hukaa mahali ambapo mzunguko huo utapita. Mnyama akisita mbali, akasimama na kutafakari, mashine hunyamazishwa na filimbi ya mkononi huchukua nafasi, kwa sauti ya chini, ikibadilika kadiri mnyama anavyobadilika. Akiwa karibu sana, hata filimbi huwekwa kando: mwindaji hubusu mgongo wa kiganja chake mwenyewe, na mlio mwembamba wa panya hutoka.

Mwisho wa kazi yao ni risasi. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, na binafsi naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote. Lakini siwezi kukana kwamba mtu anayeweza kumfanya mnyama mwerevu kama koyoti aje kwa hiari yake ana elimu, na kwamba elimu hiyo ingebaki ileile hata kama mwisho wake ungekuwa picha. Isitoshe, koyoti si mgeni sana kwetu. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mnyama tuliyekuwa tukimwita bweha wa dhahabu hapa Afrika yuko karibu zaidi kinasaba na koyoti na mbwamwitu wa kijivu kuliko alivyo na bweha wa dhahabu wa Ulaya na Asia.

Kwa nini sauti mbili kutoka sehemu mbili zifanye kazi kuliko moja? Jibu zuri kuliko yote ninalolijua linatoka Serengeti, kwa simba. Mwaka 1994 Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walichapisha matokeo ya kuwachezea simba jike, kwa spika, ngurumo za simba wageni. Walipocheza sauti ya jike mmoja, wenyeji walielekea kuikaribia. Walipocheza ya majike watatu, walisita zaidi, wakiangalia kwanza wao wenyewe wako wangapi. Simba alikuwa anahesabu sauti. Maasai Mara nako sauti zilizorekodiwa zilitumika kwa hesabu ya upande wa pili: Joseph Ogutu na Holly Dublin walieleza mwaka 1998 jinsi ya kukadiria idadi ya simba na fisi kwa kuona wangapi wanaitikia spika. Mnyama anayesikia sauti hupata habari zaidi ya moja. Anajua ni nani, yuko wapi, yuko na nani. Mwitaji aliye na spika peke yake anatoa habari ya kwanza tu. Fundi wangu anatoa zote tatu, na anazitoa kwa kiasi.

Ukitaka kuona kiasi hicho kikigeuzwa juu chini, teremka naye Kerio. Kutoka Iten, kwenye mita 2,400 hivi, barabara inashuka kupitia Tambach kwa kona baada ya kona, koti linavuliwa, dirisha linafunguliwa, na chini kabisa unakuta migunga na joto. Lazima muwahi. Baadaye mchana upepo huanza kupanda ukuta wa bonde, upepo uleule wanaoungoja warukaji wa parachuti wa Iten, na ukishapanda sauti hutawanyika; ndege anasikia kwamba kuna kitu lakini hajui kiko wapi.

Huko chini anaishi bundi mdogo mwenye madoadoa, asiyezidi sana ukubwa wa kiganja, anayeimba hata mchana. Wimbo wake ni mluzi mfupi unaorudiwa na kupanda polepole, kisha ukimya, kisha miluzi mirefu inayoshuka. Anakula ndege wadogo, na ndege wadogo wakimgundua mchana humzingira na kumpigia makelele mpaka ahame. Hata kisogoni ana mabaka mawili meusi yanayofanana na macho, kiasi kwamba anayemjia kwa nyuma haelewi kama ameonekana. Waitaji wengi wa ndege, hapa na kusini mwa Afrika, humwiga bundi huyu ili kuwatoa ndege wadogo vichakani.

Fundi wangu naye hufanya hivyo, ila hapa bundi ni spika. Wimbo wake ni mrefu na mdomo hukauka, mashine haikauki. Anaitundika ndani ya mgunga wenye kivuli na kuiacha iimbe mara moja, labda mbili. Halafu yeye anakuwa umati. Anatoa ule mpumuo wa kukemea, pshh-pshh-pshh, wa haraka, unaofanana na kelele za ndege wadogo wanaogombana, na katikati yake anabusu mgongo wa kiganja, busu kavu la kuchirika, lilelile la wawindaji wa Texas, ingawa yeye alilipata kwa kuchunga mbuzi na kucheza. Bundi ambaye hakuna anayemkemea ni uvumi tu. Bundi anayekemewa ni habari ya kweli, na kila mwenye bawa anataka kuja kuona. Chozi hufika wa kwanza, wadogo na wakali, wakining'inia karibu na spika. Shore wanafuata kwa makundi, wakipiga makelele kama wenye mali. Mlamba huja mwisho na huja kwa hasira. Ndani ya dakika chache mti mmoja uliokuwa mtupu unakuwa na ndege wa aina ambazo mgeni angezitafuta asubuhi nzima.

Kisha anaacha. Hapo ndipo wageni humlalamikia, kwa sababu wanataka picha zaidi, naye huwaambia kwa upole kwamba hawa wana watoto wa kulisha na wamekuja kupigana na mtu asiyekuwepo.

Bonde hili ni la asali, na mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini utaiona kuanzia barabarani. Nikiiona huwa nakumbuka mwito mkongwe kuliko yote niliyotaja, ule unaowaita ndege wanaoongoza watu kwenye nyuki. Kaskazini mwa Kenya, Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer waliwafuata Waborana na kuchapisha matokeo yao mwaka 1989. Waborana hupiga mluzi uitwao fuulido kwa kupuliza ndani ya ngumi zilizofumbatwa, au ndani ya kombe la konokono, au kokwa la mkoma lililochimbwa, na mluzi huo husikika zaidi ya kilomita moja. Kutafuta kiota cha nyuki bila ndege kuliwachukua saa 8.9 kwa wastani, na kwa kuongozwa na ndege, saa 3.2. Mikono miwili na pumzi, basi.

Na hapo ndipo mashine ilipokuja kuushuhudia mkono. Niassa, Msumbiji, Wayao hutumia sauti ya mtetemo wa ulimi inayoishia kwa mguno. Claire Spottiswoode, pamoja na Keith na Colleen Begg, walitembea porini na spika, wakicheza mara sauti hiyo, mara sauti nyingine, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba sauti ya Wayao ilipandisha uwezekano wa ndege kuwaongoza kutoka asilimia 33 hadi 66. Baadaye Spottiswoode na Brian Wood wakalifanya jaribio la kuvuka mipaka: wakacheza mluzi wa Wahadzabe wa Tanzania kule Niassa, na sauti ya Wayao kule kwa Wahadzabe. Matokeo yao ya mwaka 2023 ni haya: ndege wa Uhadzabe waliuitikia mluzi wa wenyeji wao mara tatu na zaidi kuliko sauti ya Wayao, na wa Niassa nao waliipenda ya Wayao karibu mara mbili kuliko ya Wahadzabe. Ndege wamejifunza lugha ya watu wao. Mwito sahihi uliopigwa kwa ustadi, lakini katika nchi isiyo yake, hupoteza nguvu.

Fundi wangu alikuwa akiamini hivyo kuhusu tiva kabla sijamsimulia habari za Niassa. Sauti za kupakua kwenye intaneti anazo. Mkusanyo wa xeno-canto, ulioanzishwa Uholanzi mwaka 2005, umewafungulia waongozaji wa Afrika hazina ambayo zamani ilikuwa ya wenye santuri. Anaziheshimu na amejifunzia hapo aina nyingi. Ila tiva aliyenaswa nchi nyingine humtumia kama hana budi. Anapendelea aliowanasa mwenyewe, na kwenye simu yake kila faili ina jina la mahali: Kaptagat, Tambach, Biretwo. Ya Kaptagat haichezi Biretwo. Wala hamchezei jozi sauti yake yenyewe, kwa sababu, anasema, mtu akisikia sauti yake ikitoka kichakani atakimbia.

Kuhusu kiasi, nimemsikia akibishana na wenzake. Mwaka 2013 J. Berton Harris na David Haskell walichapisha uchunguzi kutoka Ekwado kuhusu ndege wa aina mbili waliochezewa sauti tena na tena kama wanavyofanya watazamaji wa ndege. Mwanzoni ndege walishughulika sana na adui asiyeonekana. Aina mojawapo, baada ya muda, ilizoea na kupunguza kujibu. Wengine husoma matokeo hayo na kusema basi hakuna madhara, ndege huzoea. Fundi wangu anayasoma kinyume, nami naona ana haki. Ndege aliyezoea ni ndege aliyefundishwa kupuuza sauti ya mpinzani, na mpinzani wa kweli akija itakuwaje? Kwa mwitaji nako ni hasara: jozi iliyochoshwa na spika mwaka huu haitamjibu hata kwa mluzi bora kuliko wote. Ndiyo maana haiiti jozi moja wiki moja mara mbili, na ana vichaka ambavyo havigusi kabisa.

Mvua za Aprili zikishika na tiva wakianza kubeba vijiti, spika inabaki nyumbani. Miezi hiyo huenda msituni na maikrofoni ndogo na subira tu, akinasa. Faili za mwaka jana anazifuta moja moja, kwa sababu baadhi ya jozi zimebadilisha wenza na wimbo wa zamani haupo tena. Anaandika jina la mahali, tarehe, na upande wa mto, kisha anarudi nyumbani kukata mikwaruzo na kupima upya urefu wa ukimya uliomo katikati.